Nchi ya Ndama Wasiokua

Wapo watu wanaoapa kwamba dunia imekwisha kupimwa yote, na kwamba hakuna nchi iliyosalia nje ya ramani. Watu hao hawajafika Utafitini. Nyamizi Lugendo alifika, akakaa, na akarudi na akili zake timamu. Na kwa kuwa hakuwa mwanamke wa kutia chumvi katika maneno, yaliyomkuta tunayasimulia kama yalivyokuwa. Safari yenyewe, alichopanda na aliposhukia, haina utamu, tuiache.

Nyamizi alikuwa mtafiti wa ng'ombe wa nyama. Kazi yake huko kwao ilikuwa kumtafutia njia mfugaji mdogo, yule mwenye ng'ombe wachache na zizi la miiba, anenepeshe maksai wake hadi siku ya mnada badala ya kumuuza akiwa mifupa mitupu mwishoni mwa kiangazi. Watu wa Utafitini walimwalika kwa ajili ya sheria yao moja ya kale: hakuna programu ya utafiti wa mifugo inayoanza kabla mgeni kutoka nje hajaitazama na kuigongea muhuri. Mgeni huyo huitwa Shahidi. Nyamizi alikabidhiwa cheo hicho, pamoja na muhuri wa mbao wenye mpini mrefu kama mchi, kabla hata hajanawa uso.

Mwenyeji wake aliitwa Bwana Andiko, mtu wa makamo, mwembamba, mwenye suti safi na adabu nyingi. Alikuwa Katibu wa Mchakato. Katika mji ule mkuu, unaoitwa Warshani, watu hawajuliani hali kama sisi. Mmoja husema, "Mchakato?" na mwenzake hujibu, "Unaendelea." Basi, wameamkiana. Nyamizi alidhani ni mzaha wa maofisini, mpaka alipopita penye msiba na kusikia wafiwa wakiambiwa maneno hayohayo, na wao wakaonekana kufarijika kweli.

Bwana Andiko alimtembeza mjini kwa fahari. Palikuwa na Jumba la Kwato, Jumba la Nundu, Jumba la Mkia na mengine ambayo si adabu kuyataja, na kila jumba lilijaa wataalamu wa kiungo hicho peke yake. Nyamizi alimuuliza mzee mmoja wa Jumba la Mkia kuhusu kikohozi cha ng'ombe. Yule mzee aliomba radhi kwa unyenyekevu, akasema kikohozi hutokea mbele, naye tangu ujana wake alihudumu nyuma.

Siku nzima ikapita na Nyamizi hajaona ng'ombe. Jioni, wakinywa chai, akauliza wako wapi. Bwana Andiko akaweka kikombe chini, akatazama mlangoni, kisha akamweleza kwa upole kwamba ng'ombe hawaruhusiwi Warshani. Mtu akishamwona ng'ombe huanza kuwa na maoni juu yake, na maoni ni uchafu katika utafiti. Yeye mwenyewe, kwa miaka yote aliyokuwa akitunga programu, hajawahi kumwona hata mmoja. Kwa sababu hiyohiyo, ilikuwa marufuku kumuuliza swali lolote la mifugo mtu mwenye mifugo. Waliokuwa wakiulizwa ni mafundi saa, washona viatu na wapiga tarumbeta.

"Mwenye ng'ombe hawezi kutoa jibu la haki," alisema Bwana Andiko. "Ana upande. Upande wa ng'ombe."

Lakini sheria iliyomshangaza Nyamizi kuliko zote ilikuwa ya Mvua Mbili. Inasemekana mfalme mmoja wa zamani, asiyejua kungoja hata uji upoe, aliamuru kwamba utafiti wowote ukome ikinyesha masika ya pili tangu ulipoanza. Mfalme alikufa, amri ikabaki. Sasa, maksai wa nchi ile, kama wa kwetu, huchukua masika manne au matano mpaka ajae mwili. Kwa hiyo tangu enzi hizo hakuna mtaalamu wa Utafitini aliyewahi kuanza na ndama akaishia na ng'ombe. Waliotafiti ndama waliwaacha wakiwa ndama. Waliotafiti ng'ombe waliwakuta tayari ni ng'ombe. Vitabu vikaandikwa, vizazi vikapita, na ikathibitika rasmi kwamba ndama na ng'ombe ni wanyama wawili tofauti, wasio na undugu wowote ila wa kunywa maji mahali pamoja.

Kukawa na Wizara ya Ndama na Wizara ya Ng'ombe, nazo hazielewani hata kidogo. Waziri wa Ndama, Bi Mchanga, aliumizwa mno na jinsi ndama wake wanavyotoweka mwaka baada ya mwaka pasipo maiti. Waziri wa Ng'ombe, Bwana Pevu, mtu mnene wa sauti nzito, alifundisha kwamba ng'ombe wake huibuka ardhini baada ya mvua, wakiwa wamekamilika na pembe zao, kama uyoga. Nyamizi alicheka. Alipoona amecheka peke yake, akajifanya amepaliwa na chai.

Programu aliyoitiwa ilikuwa hii. Mbali na mji kulikuwa na Bonde la Ukoka, bonde lenye chemchemi, ambako majani hubaki mabichi hata nyasi za mlimani zikiwa zimegeuka vumbi. Wafugaji wadogo wote huteremsha ng'ombe wao huko kiangazi. Sasa, taarifa zote za miaka mingi zilionyesha kwamba ng'ombe wa wafugaji hao ni wembamba wa kutisha. Wataalamu wakajumlisha: ng'ombe wote hula bondeni, ng'ombe wote ni wembamba, kwa hiyo bonde ndilo linalowakondesha. Dawa ikawa kulizungushia bonde waya wa miiba, kuwatoa ng'ombe wote, na kutafiti watakula nini kwingineko. Programu iliitwa Kuwawezesha Walengwa Kuishi Bila Bonde.

Nyamizi aliisoma mara mbili. Alijua kiangazi. Alijua kwamba waya ukifungwa mwezi huo, mpaka mvua inyeshe hakutakuwa na ng'ombe wa kutafitiwa. Akasema hatagonga muhuri kabla hajaliona bonde kwa macho yake.

Baraza la wataalamu wa nchi likajadili. Mwishowe likaona kwamba sheria haimkatazi Shahidi kuona, kwa kuwa yeye ni mgeni na maoni yake yalikwisha kuchafuka huko alikotoka. Bwana Andiko akaamriwa amsindikize. Naye, ili abaki safi, akavaa miwani ya kazi ya nje, ambayo katika nchi ile hutengenezwa kwa mbao tupu pasipo vioo, mvaaji akabaki kupapasa na kusikiliza.

Hapa inafaa kueleza kwamba wafugaji wadogo wa Utafitini huitwa walengwa. Wao, kwa kuwa ni watu wa Kiswahili cha kawaida, walilichukua neno hilo kama lilivyo. Wakiona gari la wataalamu linapanda mlima, akina mama hukusanya watoto na wazee hulala kifudifudi nyuma ya mawe, maana anayelengwa hana hakika ni kwa kitu gani. Serikali, ikiwahurumia kwa usumbufu huo, ilimgawia kila mmoja duara la kitambaa cheupe la kushona kifuani ili asikoswe.

Mwenye boma la kwanza alikuwa Bi Siwema, mama wa makamo, mpana wa mabega, mwenye sauti ya chini na macho yanayopima. Aliwakaribisha wageni kwa heshima zote, akamwelekeza Bwana Andiko kwenye kigoda kwa kumshika mkono, kisha akamtoa ng'ombe wake. Nyamizi alikuwa ameona ukame mara nyingi maishani, lakini ng'ombe yule alimsikitisha. Mbavu zilihesabika, nundu imelala kama soksi tupu, sikio moja limechanika, na kila akipumua alikohoa. Bi Siwema akaeleza shida zake kwa maneno yaliyopangika vizuri sana, na Bwana Andiko akayapokea akitikisa kichwa huku ameelekea ukutani.

Boma la pili walitolewa ng'ombe mwembamba vilevile, mwenye sikio lililochanika na kikohozi. Boma la tatu ng'ombe alichelewa kidogo kutolewa, na alipotolewa alikuwa akihema kama mtu aliyepanda mlima mbio. Nyamizi akamsogelea, akampapasa shingo, na yule ng'ombe akamnusa kama mtu anayemfahamu.

Nyamizi alirudi kwa Bi Siwema, akamwacha Bwana Andiko kwenye kigoda akiusimulia ukuta juu ya umuhimu wa ushirikishwaji, akamwomba mwenyeji wake wazungumze uani.

"Mama," alisema, "yule ng'ombe atakufa kwa kutembezwa."

Bi Siwema akalegea uso, akakaa kwenye gogo, akamweleza yote. Yule alikuwa ng'ombe wa kijiji, ng'ombe wa wageni. Kila wataalamu wakija alipitishwa njia ya nyuma kutoka boma hadi boma, na kwa miaka yote hiyo hakuna ng'ombe mwingine waliyempapasa. Wale wengine, wanene, walikuwa bondeni kwenye matete.

Nyamizi akauliza sababu. Bi Siwema akasema kwamba zamani waliwaonyesha ng'ombe wa kweli. Jirani yake mmoja, Ngosha, alikuwa na maksai mzuri, na mtaalamu aliyempapasa yule maksai akatangaza kwamba Ngosha amehitimu. Wakamvika joho, wakapiga naye picha, na tangu siku ile ng'ombe wake wakakatazwa josho la kuogeshea na jiwe la chumvi, maana vitu hivyo ni vya walengwa na yeye si mlengwa tena. Kupe wakawamaliza ng'ombe wa Ngosha. Joho analo hadi leo, huanikia mtama. "Tukajifunza," alisema Bi Siwema. "Ukinenepa, unaadhibiwa. Tukakonda."

Ndipo Nyamizi akamwambia habari ya waya. Alimweleza jinsi wataalamu walivyojumlisha, na jinsi mbavu za ng'ombe mmoja zilivyogeuka kuwa mbavu za nchi nzima. Bi Siwema alikuwa akichambua mboga. Mikono yake ikasimama. Alikuwa na maksai bondeni aliyeitwa Shemeji, kwa kuwa tangu utotoni alikuwa akila pasipo kualikwa. Miaka mitano alikuwa akimlea, na kwa mnada wa mwisho wa kiangazi alikusudia kuezeka nyumba ambayo tangu mumewe afariki ilikuwa ikivuja juu ya kitanda chake. Bonde likifungwa, Shemeji hatafika mnadani kwa miguu yake.

"Kumbe tulijifungia wenyewe," alisema.

Jioni ile kijiji kilikaa. Maneno yalikuwa mengi na si yote yalikuwa ya busara. Wengine walisema wadanganye zaidi: pengine hawakukonda vya kutosha, watafutiwe ng'ombe mwembamba kuliko yule. Bwana mmoja alipendekeza wapeleke aliyekwisha kufa. Ngosha, ambaye hakuwa na ng'ombe tena na kwa hiyo sasa kisheria angeweza kuulizwa, alisema hakuna haja ya kugombana na serikali, kwa kuwa waya wenyewe utaibwa. Wengi waliliona hilo kuwa la maana. Bi Siwema aliwasikiliza wote, akasimama, akasema yeye anamchukua Shemeji na kwenda naye Warshani, wakamwone. Wakamkumbusha kwamba atahitimu. Akajibu kwamba analijua hilo. Wakamkumbusha josho. Akasema analijua hilo pia, ingawa hakuwa mwanamke shujaa kwa desturi. Alikuwa mwanamke aliyechoka kulala penye matone.

Siku ya kugonga muhuri ukumbi wa Baraza ulijaa hadi kwenye ngazi. Nyamizi aliketishwa mbele, na muhuri wake umepakwa wino tayari. Kwanza ilikuwa lazima mawaziri wabishane, kwa kuwa ndiyo desturi. Bi Mchanga alilia kidogo juu ya ndama waliotoweka mwaka ule, akauliza taifa litafumba macho hadi lini. Bwana Pevu akamjibu kwamba wizara isiyoweza kutunza wanyama wadogo isiwaonee wivu wenye wakubwa. Walikuwa wamefika kwenye kutajiana mababu, mlango ulipofunguliwa na Shemeji akaingia.

Alikuwa maksai mwekundu, mwenye mgongo mpana kama kitanda na nundu iliyosimama imara. Alitembea taratibu kwenye zulia, Bi Siwema nyuma yake na kamba mkononi, na pumzi yake ilisikika ukumbi mzima. Nusu ya wajumbe wakafunika macho ili wasipate maoni. Nusu nyingine wakaulizana ni nini. Bwana Andiko, aliyekuwa amesimama njiani na miwani yake ya mbao, alihisi joto usoni, kisha ulimi mkubwa wenye mikwaruzo ukampanda kutoka kidevuni hadi kwenye paji, na miwani ikaanguka. Hakuiokota. Alisimama akitazama jicho lile jeusi, la mviringo, lililokuwa likimtazama yeye, na walioketi karibu wanasema aliinua mkono kama anayetaka kuamkia.

Bwana Pevu alikuwa wa kwanza kupata sauti. Akasema kwa furaha kwamba wote sasa wamejionea: kiumbe amekamilika, mnene, na pembe zake, vilevile kama anavyotoka ardhini, basi wembamba si tatizo la wizara yake. Lakini Bi Mchanga alikuwa amesimama, amenyoosha kidole. Katika sikio la kushoto la Shemeji kulikuwa na hereni ndogo ya manjano, na juu yake chapa ya Wizara ya Ndama.

"Hereni hiyo ni yetu," alisema. "Aliivaa ndama wetu. Yuko wapi?"

Bi Siwema akajibu kwa unyenyekevu, "Ndiye huyu, mheshimiwa. Amekua."

Ukumbi ukaangua kicheko kirefu. Hata waliofunika macho walicheka. Kilipokoma, hakuna aliyebaki na mzaha. Bi Mchanga alisema kwamba hatimaye siri ya miaka imefichuka: ng'ombe ndio wanaowaua ndama, na huvaa vitu vyao kama nyara. Bwana Pevu akakana kwamba mnyama wake ni mwuaji, lakini hereni ilikuwa pale. Akaona bora aisafishe wizara yake, akapendekeza Shemeji apasuliwe tumbo palepale, mbele ya Baraza. Akikutwa na ndama ndani, amekosa. Asipokutwa, ataombwa radhi. Pendekezo likaungwa mkono pande zote mbili, jambo ambalo halikuwahi kutokea katika historia ya Baraza, na watu wakakumbatiana.

Bi Siwema aliizungusha kamba mkononi mara mbili, akamtazama Nyamizi.

Nyamizi alisimama akiwa amejaa ukweli hadi kooni. Alitaka kuwaambia kwamba ndama hukua, kwamba mtoto yeyote wa bondeni angewaeleza, kwamba wanataka kulichinja jibu la swali lao. Akautazama ukumbi ule, akaona nyuso za watu wema, wenye bidii, waliosubiri tu kujua kisu kiko wapi. Ukweli ule alikuwa ameusema Bi Siwema sasa hivi, na wamecheka. Nyamizi akaumeza, akatafuta njia nyingine.

Akasema yeye, kama Shahidi, anakubali kwamba shitaka ni zito. Ila mshitakiwa akipasuliwa na tumbo likutwe na majani tu, wahalifu wengine wataonywa na siri itafichika milele. Mwizi hukamatwa akiiba. Achukuliwe ndama mchanga, avikwe hereni, awekwe bondeni miongoni mwa ng'ombe, na mtu mmoja mwaminifu amwangalie bila kumwacha, mpaka aone kwa macho yake namna ndama anavyotoweka. Na kwa kuwa bonde ndilo mahali pa tukio, lisiguswe. Waya usifungwe, malisho yasibadilishwe, ng'ombe waendelee kuishi kama walivyozoea, ili wasishtuke.

Mjumbe mmoja mzee akauliza juu ya sheria ya Mvua Mbili. Nyamizi alidhani mambo yameharibika. Aliyemwokoa ni Bi Mchanga mwenyewe. Alisema Mvua Mbili ni sheria ya utafiti. Huu si utafiti, ni upelelezi, na upelelezi wa mauaji hauna mwisho mpaka mwuaji apatikane. Baraza likapiga meza kwa vidole, ambayo ndiyo makofi yao.

Likabaki swali la mwangalizi. Katika majumba yote hakupatikana mtu aliyekuwa tayari kuishi mahali penye ng'ombe. Kisha mtu akaikumbuka miwani iliyoanguka. Bwana Andiko alikuwa amemwona ng'ombe, tena kwa karibu; alikuwa amechafuka na hangeweza tena kufanya kazi Warshani. Wakamtazama kwa huruma. Yeye alikuwa bado akimtazama Shemeji, na walipomuuliza kama atakwenda, alijibu "Unaendelea," pengine kwa kuchanganyikiwa, nao wakaandika kwamba amekubali.

Nyamizi akagonga muhuri kwenye amri ya upelelezi. Shemeji akaachiwa kwa dhamana yake mwenyewe. Bi Siwema, kwa kuwa maksai wake alionekana mnene hadharani, akavikwa joho palepale, akapigwa picha, na duara lake jeupe likabanduliwa kifuani.

Kwa hiyo hakupona kabisa, na tusidanganyane. Mwaka uleule alizuiwa josho. Lakini watu wa bonde walikuwa mafundi wa kumpitisha ng'ombe njia ya nyuma, na ng'ombe wa Bi Siwema wakaanza kuogeshwa Jumatatu kama wa jirani huyu, Alhamisi kama wa yule. Bati aliezeka, ingawa upande mmoja tu, maana wachuuzi wa mnada walimpunja kwa hoja kwamba wananunua mshitakiwa. Kesi ya Shemeji inaahirishwa hadi leo kwa sababu mshitakiwa hafiki mahakamani. Alichinjwa siku mbili baada ya mnada, na wajumbe kadhaa wa Baraza walimla wakati wa warsha, wakaisifu nyama.

Masika kadhaa yalipita kabla Nyamizi hajarudi Utafitini. Safari hii hakualikwa; alikwenda kwa hamu yake. Hakupita Warshani. Aliteremka moja kwa moja bondeni asubuhi, ukoka ukiwa bado na umande, akamkuta Bwana Andiko ameketi kwenye jiwe. Suti ilikuwa imebaki koti tu. Alikuwa mweusi wa jua, mwenye mikono mikubwa kuliko alivyoikumbuka, na nyuma yake alisimama dume la rangi ya kijivu, lenye shingo kama gunia, likimpumulia begani. Sikioni lilikuwa na hereni ya manjano.

Waliamkiana kwa desturi ya kule. Kisha Nyamizi akamuuliza juu ya yule ndama.

"Yuko," alisema Bwana Andiko. "Kila msimu napeleka taarifa. Bado ni ndama, bado hajatoweka."

Nyamizi akalitazama lile dume, akamtazama yeye. Bwana Andiko akainamisha macho, akang'oa jani, akalizungusha kidoleni.

"Nikiandika vingine kesi itakwisha, Mheshimiwa," alisema polepole. "Kesi ikiisha, waya utakuja."

"Uligundua lini?"

Bwana Andiko aliliweka jani chini, kama mtu anayetaka sana kutoa jibu la haki.

"Hakuna siku," alisema. "Hilo ndilo lililonishinda. Nilimwangalia kila asubuhi, sikupepesa, na kila asubuhi alikuwa yuleyule wa jana."

Kutoka juu, Bi Siwema akaita kwamba maji yamejaa kwenye birika la kunyweshea, amlete ndama wake. Bwana Andiko akainuka, akaweka mkono juu ya ile nundu, wakapanda pamoja hadi zizini. Palikuwa na upenyo mdogo kwenye miiba, uliokatwa zamani kwa ajili ya ndama. Dume lilisimama mbele yake kwa mazoea, likaingiza pua, pembe zikakwama huku na huku, likangoja. Bwana Andiko akalipigapiga shavuni, akaenda kuliondoa lango kubwa kwa mikono miwili.

"Bado mdogo," alimwambia Nyamizi, bila kumtazama usoni. "Ila miiba ndiyo imesogea."